Kazi bila madaraka: Maana ya uwezeshaji wa wafanyakazi, kutoka Dzaleka hadi Lilongwe

Mara nyingi mtu anayeijua kazi kuliko wenzake wote siye aliye na ruhusa ya kuibadilisha. Hali hiyo imeonekana katika viwanda vikubwa vya Marekani na katika maduka ya Lilongwe. Imeonekana pia katika shule, zahanati na vituo vya ugawaji vya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambako anayekutana na wananchi kila siku huwa chini kabisa katika ngazi ya maamuzi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Swali ni kama anayekilalia ataulizwa, na akisema, kama atasikilizwa.

Wataalamu wa uongozi huyaita majibu ya swali hilo uwezeshaji wa wafanyakazi. Makala haya yanaeleza maana ya dhana hiyo, namna inavyobadili mwenendo wa watu kazini, mipaka yake, na kwa nini ina uzito wa pekee kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi kati ya Dzaleka, Lumbadzi na mji mkuu wa Malawi.

Uwezeshaji ni nini?

Katika mazingira ya misaada, neno kuwezesha limezoeleka kwa maana ya kumpa mtu mtaji, cherehani, mafunzo ya siku chache au cheti. Uwezeshaji unaozungumzwa hapa una maana nyembamba zaidi. Ni kumpa mfanyakazi madaraka ya kuamua mambo yanayohusu kazi yake mwenyewe, pamoja na taarifa, vifaa na ulinzi vitakavyomsaidia kuamua vyema. Mafunzo yasiyofuatwa na madaraka humwacha mtu akijua la kufanya bila ruhusa ya kulifanya. Madaraka yasiyoambatana na taarifa humlazimisha kubahatisha. Na yote mawili yakikosa ulinzi, kosa la kwanza tu humfundisha asijaribu tena.

Dhana hii ilizaliwa kama upinzani dhidi ya mafundisho ya zamani. Mwaka 1911, mhandisi wa Marekani Frederick Winslow Taylor alichapisha kitabu kilichotaka kazi ya kufikiri na kupanga itolewe mikononi mwa mfanyakazi na kukabidhiwa uongozi. Mfanyakazi bora, kwa mtazamo huo, ni yule anayetekeleza maelekezo kama yalivyo. Mafundisho hayo yaliongeza uzalishaji katika viwanda vingi, lakini yaliacha swali kubwa bila jibu: nini hutokea pale ambapo maelekezo yenyewe yana kasoro, na anayeiona kasoro hiyo ndiye aliyekatazwa kufikiri?

Mwaka 1977, mwanasosholojia wa Marekani Rosabeth Moss Kanter alieleza kwamba nguvu ya mtu kazini haitokani na tabia yake peke yake. Hutokana na mahali alipowekwa: je, anapata taarifa, anapata rasilimali, anaungwa mkono, na ana nafasi ya kupanda? Mwaka 1988, Jay Conger na Rabindra Kanungo waliongeza upande wa pili. Walisema madaraka yaliyoandikwa kwenye karatasi hayatoshi ikiwa mwenye kuyapokea haamini kwamba anaweza kuyatumia. Tangu hapo uwezeshaji umetazamwa kwa nyuso mbili: mpangilio wa kazi ulivyo, na namna mfanyakazi anavyojiona ndani ya mpangilio huo.

Nguzo nne

Mwaka 1995, mtafiti Gretchen Spreitzer aliuweka uso huo wa pili katika nguzo nne, ambazo hadi leo hutumika sana katika utafiti. Ya kwanza ni maana, yaani mfanyakazi kuona kwamba kazi yake inalingana na yale anayoyathamini. Ya pili ni umahiri, yaani kuamini kwamba anaiweza. Ya tatu ni uhuru wa kuamua namna ya kuifanya. Ya nne ni athari, yaani kuona kwamba anachofanya kinabadili jambo fulani mahali pake pa kazi.

Tuchukue mfano wa mkalimani katika zahanati inayohudumia wakimbizi, anayezungumza Kiswahili, Kinyarwanda na Chichewa. Nguzo ya maana anayo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa bila yeye mama mgonjwa na mganga hawaelewani. Umahiri huupata kwa mafunzo na mazoea, anapojifunza majina ya magonjwa na kipimo cha dawa katika lugha zote tatu. Uhuru wa kuamua huanza pale anaporuhusiwa kumwambia mganga kwamba mgonjwa hajaelewa na maelezo yarudiwe, hata kama foleni ni ndefu.

Nguzo ya nne ndiyo ngumu zaidi. Tuseme mkalimani huyo amegundua kwamba kina mama kadhaa hawarudi kwa siku waliyopangiwa kwa sababu tangazo la ratiba limebandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Akilisema jambo hilo na wiki ijayo tangazo la Kiswahili likabandikwa, amejua kwamba neno lake lina uzito. Akilisema mara tatu bila jibu, atakuwa amejifunza jambo jingine kabisa, na ya nne hatasema.

Mwenendo unavyobadilika

Tafiti nyingi zilizofanywa baada ya Spreitzer zilikusanywa na kupimwa kwa pamoja na Scott Seibert na wenzake katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011. Kwa jumla, wafanyakazi waliojiona wamewezeshwa waliridhika zaidi na kazi yao, walikuwa na uaminifu mkubwa zaidi kwa taasisi zao, na walifanya vyema zaidi katika majukumu yao. Hali kadhalika, msongo wao ulikuwa mdogo na nia ya kuacha kazi ilikuwa hafifu. Uhusiano huo haumaanishi kwamba kila uwezeshaji huleta matokeo hayo yote, lakini umeonekana mahali pengi kiasi cha kutopuuzwa.

Mabadiliko ya mwenendo huonekana kwanza katika mambo madogo. Mtu huripoti tatizo likiwa bado changa. Humsaidia mwenzake kazi isiyo yake bila kungoja kuamriwa. Hutafuta njia fupi iliyo salama, kisha huwaonyesha wengine. Huacha kutumia maneno kama "si kazi yangu" na "muulize bosi", kwa kuwa sehemu fulani ya kazi imekuwa yake kweli.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa kiwanda cha magari cha Fremont, jimboni California. Kampuni ya General Motors ilikifunga mwaka 1982 baada ya miaka ya migogoro, utoro na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wengi wa wafanyakazi walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni mpangilio. Kila mfanyakazi alipewa kamba ya kuvuta akiona kasoro, na kama tatizo halikutatuliwa haraka, mstari mzima wa uzalishaji ulisimama. Vikundi vya wafanyakazi vilipewa kazi ya kuandika na kurekebisha wenyewe utaratibu wa kazi zao. Utoro, ambao awali ulizidi asilimia 20, ulishuka hadi takriban asilimia 3 au 4, na ubora wa magari ukapanda.

Funzo la Fremont limo katika kamba yenyewe. Kumwambia mfanyakazi "ubora ni jukumu lako" ni maneno matupu. Kumpa kamba inayosimamisha kiwanda, na kutomwadhibu anapoivuta, ni madaraka.

Ukimya na gharama yake

Mahali ambapo madaraka hayapo, jambo linaloonekana zaidi huwa ukimya. Mwaka 2000, Elizabeth Morrison na Frances Milliken walieleza kwamba wafanyakazi wengi hunyamaza wakijua tatizo, kwa sababu mbili: wanaamini kusema hakutabadili kitu, na wanaogopa kwamba kusema kutawaletea madhara. Kiongozi anayeongoza watu walionyamaza huona shwari, na hudhani mambo ni mazuri.

Amy Edmondson, aliyechunguza vikundi vya wauguzi hospitalini katika miaka ya 1990, alikutana na jambo lililomshangaza. Vikundi vilivyoongozwa vizuri ndivyo vilivyoonyesha idadi kubwa zaidi ya makosa ya dawa katika kumbukumbu. Maelezo yake ni kwamba katika vikundi hivyo watu waliweza kuyataja makosa, ilhali kwingine yalifichwa. Kwa yeyote anayesimamia shule, zahanati au ghala, jambo hilo lina maana ya moja kwa moja: daftari la malalamiko lililo tupu si ushahidi kwamba kazi inakwenda vizuri.

Kanter aliongeza tahadhari inayowahusu wasimamizi wa ngazi ya kati. Msimamizi aliyewekwa juu ya watu lakini hana uwezo wa kuwapatia chochote, wala kusikilizwa na wakubwa wake, huelekea kushikilia kanuni ndogo ndogo, kuhodhi taarifa na kuwabana walio chini yake. Watu humwona mkali kwa asili yake, na huenda ukali huo umezaliwa na unyonge wa nafasi aliyopewa.

Mipaka ya uwezeshaji

Uwezeshaji hauponyi kila ugonjwa wa kazini. Mwaka 2018, Allan Lee, Sara Willis na Amy Wei Tian walichambua tafiti 105 zilizohusu zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka nchi 30. Waligundua kwamba viongozi wanaogawa madaraka huleta matunda makubwa zaidi katika ubunifu na katika moyo wa kusaidiana kuliko katika kazi za kurudiarudia zenye utaratibu mmoja. Aidha, walionyesha kwamba mfanyakazi anaweza kuyaona madaraka mapya kama mzigo aliotupiwa, hasa asipomwamini kiongozi wake au asipopewa msaada. Hapo msongo huongezeka.

Tahadhari hiyo ni muhimu. Zipo taasisi zinazotumia neno uwezeshaji kama njia ya kumwongezea mtu kazi bila kumwongezea malipo. Mwalimu huambiwa kwamba amewezeshwa kuendesha madarasa mawili. Mlinzi huambiwa kwamba sasa ni mratibu, na posho yake inabaki ile ile. Chris Argyris, mmoja wa wataalamu wakongwe wa fani hii, aliandika mwaka 1998 kwamba viongozi wengi huupenda uwezeshaji kwa maneno, huku kwa vitendo wakirudi kwenye amri walizozizoea. Wafanyakazi huigundua tofauti hiyo upesi, na imani iliyovunjika namna hiyo huwa ngumu kuijenga upya kuliko ile isiyowahi kuwapo.

Dari la Dzaleka

Kambi ya Dzaleka ipo katika wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Anayetoka mjini hupita Lumbadzi, kituo cha biashara kilicho karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kamuzu. Eneo la kambi lilikuwa gereza la kisiasa katika utawala wa Kamuzu Banda, na mwaka 1994 likageuzwa makazi ya wakimbizi. Lilikusudiwa kuhifadhi watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo lina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha inayowaunganisha watu wa mataifa hayo.

Sehemu kubwa ya huduma za kila siku katika kambi kama hii hutegemea wakimbizi wenyewe. Wao ni walimu, wakalimani, wahamasishaji wa afya, walinzi, wasaidizi wa ugawaji na viongozi wa vikundi vya vijana. Hata hivyo, kwa kawaida hawahesabiwi kuwa waajiriwa. Huitwa wafanyakazi wa kujitolea, na wanacholipwa huitwa posho ya motisha, ambayo huwa ndogo kuliko mshahara wa mwenyeji anayefanya kazi inayofanana.

Utaratibu huo una mizizi katika sheria. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo Desemba 1987, lakini iliweka pingamizi katika vifungu kadhaa. Miongoni mwavyo ni kifungu cha 17, kinachohusu ajira ya mshahara, kifungu cha 24, kinachohusu sheria za kazi na hifadhi ya jamii, na kifungu cha 26, kinachohusu uhuru wa kutembea. Sheria ya Wakimbizi ya Malawi ilitungwa mwaka 1989. Kwa upande mwingine, kifungu cha 31 cha Katiba ya Malawi kinampa kila mtu haki ya mazingira ya kazi yaliyo salama na ya haki, na ya malipo ya haki. Kati ya maneno "kila mtu" ya Katiba na pingamizi za mkataba ndipo maisha ya kazi ya mkimbizi yalipo.

Sera ya kukaa kambini imebadilika katika utekelezaji wake kila kipindi. Kwa miaka mingi wakimbizi wengi waliishi na kufanya biashara Lilongwe na katika miji mingine. Mwishoni mwa Machi 2023 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka kufikia tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei mwaka huo polisi walianza kuwakamata na kuwasafirisha. Maduka yalifungwa, na familia zilirudi katika kambi iliyokwisha kujaa.

Kwa mada ya makala haya, historia hiyo ina uzito wa moja kwa moja. Nguzo nne za Spreitzer zinaweza kujengwa ndani ya darasa au zahanati, lakini juu yake kuna dari ambalo msimamizi wa kituo hawezi kuliondoa. Mwalimu mkimbizi anaweza kupewa uhuru wa kupanga somo lake. Mwajiri wake hawezi kumfutia kwa neno moja hitaji la kibali cha kazi, wala kumhakikishia kwamba mwakani ataruhusiwa kuishi mjini. Nafasi ya kupanda, ambayo Kanter aliihesabu miongoni mwa vyanzo vya nguvu kazini, kwa wengi hukatikia hapo.

Hilo lina matokeo yanayoonekana. Mtu mwenye shahada anayepokea posho ndogo kwa muda mrefu hutafuta njia nyingine: biashara ndogo, kilimo, au kuondoka kabisa. Taasisi hupoteza mtu aliyezijua familia kwa majina, na humfundisha mwingine kuanzia mwanzo. Gharama ya kumpoteza haiandikwi katika bajeti yoyote, na kwa hiyo huonekana kama haipo.

Wakati huo huo, kuwapo kwa dari hakuondoi wajibu wa wale walio chini yake. Sheria haimkatazi msimamizi kumwalika mkalimani katika kikao cha Jumatatu. Haimzuii mkuu wa shule kuwaonyesha walimu wote bajeti ya vitabu. Haimkatazi mtu yeyote kumjibu aliyetoa hoja, hata kama jibu ni hapana. Mambo haya hayahitaji fedha wala kibali.

Funzo kutoka Tanzania

Afrika Mashariki ina historia yake ya kuwapa wafanyakazi madaraka, na historia hiyo ina onyo. Mwaka 1970, Rais Julius Nyerere alitoa waraka ulioelekeza mashirika ya umma ya Tanzania kuunda mabaraza ya wafanyakazi. Mwezi Februari 1971, chama cha TANU kilitoa Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji.

Wafanyakazi walilichukua neno hilo kama ahadi. Katika miaka iliyofuata walisusia kazi mahali pengi, mara nyingi wakidai heshima kuliko mishahara, na wakakitaja kifungu cha 15 dhidi ya mameneja wao. Mwaka 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda na kuendelea kukiendesha. Serikali haikukizima kitendo hicho. Lakini wafanyakazi wa kwingine walipofuata mfano huo, walizuiwa, na wengine wakafukuzwa kazi. Mwanasheria Issa Shivji aliyachambua matukio hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania.

Onyo lililomo ni hili. Wafanyakazi waliambiwa wana sauti, ila hawakuambiwa sauti hiyo inaishia wapi. Mabaraza yalikuwa ya ushauri, ilhali lugha ya Mwongozo ilikuwa ya ukombozi. Pengo kati ya hayo mawili lilizaa mgogoro uliowaumiza walioamini zaidi. Uwezeshaji unaotangazwa kwa maneno mapana na kutekelezwa kwa masharti membamba huwaumiza watu kuliko ukimya wa mwanzo. Anayetoa madaraka hana budi kusema wazi: jambo hili mnaamua ninyi, lile tutashauriana, na lile lingine halimo mikononi mwetu.

Madaraka yanayoanzia ndani

Dzaleka yenyewe inatoa mfano wa mwelekeo mwingine. Tamasha la Tumaini lilianzishwa mwaka 2014 na Trésor Mpauni, msanii kutoka Congo anayejulikana kama Menes la Plume, aliyekuwa akiishi Malawi kama mkimbizi. Kila mwaka tamasha hilo hufanyika ndani ya kambi na kuwaleta wasanii na wageni kutoka Malawi na nje yake. Baadhi ya wageni hulala katika nyumba za wakimbizi wenyewe.

Kwa jicho la uwezeshaji, jambo la kuzingatia ni nani anayeamua. Wakimbizi, ambao katika shughuli nyingi za kambi huwa ni wapokeaji, hapa ni wenyeji wanaokaribisha, wanaopanga na wanaouza. Mama anayempokea mgeni ndiye anayeamua atapika nini. Tamasha halibadili pingamizi za mwaka 1987. Linaonyesha tu kwamba uwezo wa kupanga na kusimamia jambo kubwa umo kambini tayari. Anayedai kwamba watu hawawezi kukabidhiwa maamuzi kwa sababu hawajakomaa atalazimika kueleza hilo mbele ya ushahidi huo.

Dukani, kwa fundi na sokoni

Uwezeshaji haukomei kwenye mashirika. Muuza vitenge wa Lumbadzi mwenye msaidizi mmoja ni mwajiri. Ni vivyo hivyo kwa fundi cherehani mwenye wanafunzi watatu, na kwa mwenye duka la vyakula Dzaleka anayemtumia mpwa wake. Wengi wao wanajua uchungu wa kufanya kazi bila sauti. Kujua huko peke yake hakumzuii mtu kuwatendea wengine vivyo hivyo.

Msaidizi wa duka asiyejua bei ya kununulia hawezi kumpunguzia mteja kwa busara, kwa hiyo atamwacha aende zake. Akielezwa kwamba bidhaa fulani inaweza kushushwa hadi kiwango fulani na isizidi hapo, ataokoa mauzo ambayo tajiri wake asingeyajua kamwe. Mpaka huo wa bei ni madaraka kamili kwa kiwango kidogo: una taarifa, una uhuru, na una kikomo kinachoeleweka. Unabaki ulinzi. Msaidizi akikosea mara moja kwa nia njema na akakatwa malipo yake, hatapunguza tena hata pale inapofaa, na duka litarudi lilipokuwa.

Palipo na undugu mambo huwa magumu zaidi. Mpwa hamhoji mjomba wake hadharani, na kijana hamsahihishi mzee mbele ya wateja. Heshima hiyo ina thamani yake na haihitaji kuvunjwa. Inahitaji njia yake, kwa mfano mazungumzo ya jioni wakati wa kuhesabu mauzo, ambapo mkubwa ndiye anayeanza kwa kuuliza: leo umeona nini ambacho mimi sikukiona? Mkubwa akiuliza, mdogo akijibu hajavunja adabu.

Namna ya kupima

Mfanyakazi au msimamizi anayetaka kujua kama uwezeshaji upo mahali pake anaweza kuanza na maswali machache.

Ni uamuzi gani ambao mfanyakazi wa ngazi ya chini anaweza kuufanya leo bila kuomba ruhusa? Kama haupo hata mmoja, neno uwezeshaji halina kazi hapo.

Mara ya mwisho mtu wa ngazi hiyo alipotoa hoja, nini kilitokea? Hoja inaweza kukataliwa, lakini aliyeitoa anastahili kujua sababu.

Aliyekosea kwa nia njema alitendewaje? Wenzake wote walikuwa wakitazama, na walichokiona ndicho wanachokifuata.

Jukumu lilipoongezeka, nini kingine kiliongezeka pamoja nalo: taarifa, muda, vifaa au malipo? Kama hakuna kilichoongezeka, mzigo umehamishwa tu kutoka bega moja hadi jingine.

Na mwisho, je, mipaka imesemwa wazi? Mahali kama Dzaleka, ambapo mambo makubwa huamuliwa mbali na kambi, ukweli kuhusu mipaka ni sehemu ya heshima. Mfanyakazi anayejua ni wapi neno lake linaishia anaweza kulitumia lote mpaka hapo, na anajua pia ni mlango wa nani wa kubisha kwa yale yaliyobaki.

Kama wakimbizi wapewe haki kamili ya kuajiriwa ni swali la serikali na Bunge la Malawi, na litaendelea kujadiliwa Lilongwe. Swali la mkalimani, mwalimu na msaidizi wa duka haliwezi kungoja mjadala huo umalizike, kwa kuwa kesho asubuhi foleni itakuwa pale pale, na wao ndio watakaokuwa wa kwanza kuona kilichoharibika.